Mama Hatapanda Lori la Viazi

Chang'ombe, njia ya Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Machi 1954.

Mpendwa mdogo wangu Wilbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Demetria na watoto, na kwamba baridi ya huko haijaanza kuwauma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama, na hali yake ndiyo sababu ya kukuandikia. Anakula, anaamka, anasali rozari yake. Lakini hajarudi kuwa yule wa kabla ya Krismasi.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Albano, dereva wa lori la viazi, alifika kwangu jana akiwa na blanketi zito la kijivu na maagizo yako: akishashusha mzigo Kariakoo, Jumanne asubuhi ampakie Mama kiti cha mbele ampeleke kwako Njombe. Mimi sikuulizwa. Mama hakuulizwa. Albano mwenyewe aliona haya. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akasema, "Kaka Theonest, mie nimetumwa tu. Usinipige kwa macho." Nilimpa chai. Ugomvi wangu si naye.

Barua uliyompa inasema kwamba joto la Dar es Salaam linamuua Mama, na kwamba mtoto mwenye akili angekwisha kumtoa huku. Umeandika hayo ukiwa mlimani, futi elfu saba juu ya bahari. Kazi yangu ya gazeti imenifundisha kwamba kabla hujaandika nani kamuua nani, uende ukatazame. Wewe hukutazama. Mimi nilikuwapo. Nitakueleza yalivyotokea, na ukiona neno lisilo la kweli, nitajie.

Kipande cha bondeni kuelekea Keko Mama alipewa na Bi Mwanaheri, jirani yetu, ambaye ukoo wake umelima pale tangu kabla ya Wajerumani. Alimpa bure, pamoja na mafunzo ya pwani. Huku mvua ni mbili. Vuli huanza Oktoba au Novemba na huisha kabla mwaka haujaisha. Kisha huja jua la kaskazi, Januari na Februari, ambalo halina urafiki na mtu. Ndipo masika. Wakati wa vuli hupandwa vitu vya haraka, kunde na mchicha, na ardhi hufunikwa. Kaskazi ikiingia hupandi kitu. Unalima alfajiri, mchana unakaa kivulini, unangoja.

Mama alifuata hayo, tukala. Hata ile migomba mitatu ya nyumbani, ambayo machipukizi yake niliyaagiza Bukoba yakaja kwa meli na garimoshi ndani ya gunia bichi, ilishika, kwa kuwa aliitandikia nyasi nene shinani kama tulivyofanya kibanjani, shamba la migomba la kwetu Bukoba. Ndizi zake zilikuwa fupi. Bi Mwanaheri alizicheka: "Shoga, hizi ndizi au vidole vya mtoto?" Mama akazipika, akampelekea sahani. Sahani ikarudi na samaki juu yake, na hapo ndipo walipokuwa marafiki.

Novemba ikaja barua yako. Ulimwandikia Mama kama unavyowaelekeza wakulima wako wa huko: nyasi zote zitolewe ili udongo upate jua, kivuli cha makuti kibomolewe, kunde zing'olewe, na ifikapo katikati ya Desemba apande maharage na viazi, maana mvua imeanza na itaendelea hadi Aprili. Huko kwenu ni kweli. Mvua yenu ni moja, ndefu, na udongo uliofunikwa nyasi haushiki joto la kuvukia usiku wa baridi. Lakini ulikuwa unamwandikia mtu anayeishi karibu usawa wa bahari, na hukujiuliza. Uliutazama udongo wa Njombe, ukautolea amri udongo wa Chang'ombe.

Mimi ndiye niliyemsomea barua ile. Nilimwambia kwamba maagizo hayo si ya huku. Akanijibu, "Wewe ni mtu wa magazeti. Mwenzako ni Bwana Shamba."

Bi Mwanaheri naye alijaribu. Alimkuta Mama anakusanya nyasi, akasimama kwenye tuta mikono kiunoni. "Huyo mwanao Bwana Shamba wa wapi, wa mawinguni? Shoga, jua la huku halisomi barua." Mama alikasirika, wakanuniana. Nyasi alizitoa kwa mikono yake mwenyewe, zote. Alikuwa anajivuna, Wilbert. Wanawake wote tunaosali nao waliambiwa kwamba mwanawe wa serikalini amemwelekeza.

Mvua ilikatika wiki ya Krismasi. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yametoa majani. Viazi vya mbegu vilioza katika udongo wa moto, na udongo wenyewe, uliovuliwa nguo, ukapasuka mpaka mtu angeweza kuingiza kiganja. Migomba miwili ikakunja majani, ikaanguka. Mama hakukubali. Alianza kuchota maji kwa debe kwenda kuyanywesha maharage yako, na alichota saa za jua kali, kwa sababu asubuhi na jioni Bi Mwanaheri huwa kisimani na hakutaka amwone.

Mwishoni mwa Januari huyo huyo Bi Mwanaheri alimkuta ameanguka kati ya matuta, debe limemwagika, ngozi kavu na ya moto, maneno yake hayaeleweki. Alimburuta hadi chini ya mgomba uliobaki, akamlowesha kanga, akapiga kelele mpaka mafundi wa gereji wakaja na mkokoteni. Mama alilazwa hospitali karibu wiki. Daktari alisema ni jua, na kwamba moyo wake nao umechoka.

Hivyo ndivyo joto la Dar es Salaam lilivyomwangusha Mama. Lilikuwa na msaidizi.

Sasa unataka kumtoa kwenye joto umpeleke kwenye baridi. Mwaka juzi alikaa kwako Juni na Julai. Aliyoniambia aliporudi sikukuandikia kwa kuwa alinikataza, lakini leo katazo hilo nimelivunja. Alikuwa akitokwa na damu puani. Akitoka mtoni kupanda hadi mlangoni kwako alisimama njiani tena na tena, ameshika kifua. Alilala na nguo zake zote, na za Demetria. Aliteleka maharage asubuhi, yakawa bado magumu jua linapozama, akadhani kuna mtu amemfanyia jambo, mpaka Demetria alipomweleza kwamba huko juu maji huchemka mapema kabla hayajawa na moto wa kuivisha. Wewe ulikuwa kazini. Hukuona.

Daktari nilimwuliza kama Mama anaweza kwenda kukaa milimani. Alisema moyo ule usipandishwe mlima. Nilimwuliza tena kwa maneno mengine, kama ninavyomfanyia kila mtu ninayemhoji. Jibu halikubadilika.

Usiniambie kwamba huku hawezi kuishi. Huku ataishi akiishi kama watu wa huku. Bi Mwanaheri ana umri wake, na mchana wa kaskazi hakuna aliyemwona juani.

Liko jambo jingine, na nimeliacha hadi sasa kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Unaijua desturi ya upande wa Mama. Mzazi hahamii kwa mtoto mpaka mgomba wa nyumbani umeshika kwa mtoto huyo, umezaa, na yeye mzazi amekula ndizi yake. Bibi alimngojesha Mjomba miaka mingi, hakuna aliyemlaumu. Ndiyo maana Mama aliporudi kutoka kwako alikutumia machipukizi mawili kwa mkono wa Albano. Ulielewa maana yake. Mwaka jana Septemba ukamwandikia kwamba migomba inaendelea vizuri. Ukarudia Krismasi. Na katika barua hii aliyoileta Albano umeandika kwamba migomba inamngoja mlangoni.

Gaspar, yule fundi mwashi wa kwetu, alilala kwako mwaka jana mwezi wa Agosti. Aliporudi alipita kwangu. Hakusema mezani. Alinivuta nje. "Theonest, ile migomba ya mama yenu nimeiona. Umande uliganda juu yake mwezi wa Juni. Majani meusi kama yamepitiwa na moto, shina ukilibonyeza ni maji. Wilbert ameshapanda kabichi pale pale."

Gaspar amezaliwa kibanjani. Hawezi kuona mgomba uliokufa akadhani ni mzima. Wewe pia huwezi.

Mama sijamwambia, na si kwa kukuhurumia. Uongo ni wako, na wewe ndiye wa kuutengua. Lakini kumpandisha mama mgonjwa kwenye lori, akae siku zote hizo barabarani akiamini anakwenda kula ndizi yake, ashushwe mbele ya kabichi, hilo sitalisaidia. Albano nimemwambia kwamba hatampakia. Ukitaka kuja, njoo. Utalala kwangu, utakula kwangu. Hutaondoka naye.

Jumatatu jioni, 15 Machi.

Jana niliacha kuandika kwa sababu Mama aliniita. Alikuwa ameketi kitandani, blanketi lako mapajani, analipapasa pindo. Akaniuliza kama Albano anaondoka Jumanne. Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kumweleza kwamba haendi, kwa kumtajia daktari tu, bila migomba. Hakuniachia nafasi. Alisema, "Basi mwambie apite kesho jioni achukue mzigo," akalala.

Usiku masika ilianza. Leo asubuhi Bi Mwanaheri alikuja kumchukua, kanga kichwani. Nilimsikia barazani: "Haya shoga, sasa ndiyo mvua. Ile nyingine ilikuwa mgeni." Mama alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke. Walikwenda bondeni polepole, Bi Mwanaheri amebeba jembe, hakukubali Mama aliguse. Walipanda kunde kidogo na kurudisha nyasi shinani mwa ule mgomba mmoja. Walirudi kabla jua halijatoka mawinguni.

Albano alifika jioni. Mzigo ulikuwa umewekwa karibu na mlango: kitu kirefu kama mtoto aliyelala, kimefungwa blanketi lako la kijivu kwa kamba ya mgomba. Ndani yake mna gunia bichi, na ndani ya gunia mna chipukizi. Ule mgomba uliobaki ulikuwa na hilo moja tu.

Albano alilitazama akasema, "Mama, blanketi limeletwa la kwako wewe. La njiani."

"Mimi huku nina jua," Mama akamjibu. "Mpelekee Wilbert. Mwambie huu ni mgomba mwingine. Siku ukizaa, aniletee ndizi, nikishakula nitakuja."

Albano aliniangalia mimi. Nikamwangalia yeye. Mama alikuwa bado anakaza fundo, hakuinua kichwa.

"Na mwambie safari hii mwezi wa Juni aufunike kwa blanketi hilo. Ile ya kwanza aliiacha uchi."

Mimi sikumwambia. Gaspar hajaonana naye tangu siku ile, na Albano ameniapia kwamba mdomo wake haumo. Baada ya Albano kuondoka nilimwuliza Mama nani alimwambia. Akasema, "Nani aniambie? Mgomba ulioshika una watoto shinani. Barua zake zote, hata mtoto mmoja hakumtaja." Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema, "Tangu ile ya Septemba," akaenda kuangalia chungu chake.

Maagizo yako ya kutoa nyasi yalikuja Novemba. Hesabu miezi hiyo mwenyewe. Alikwisha kujua kwamba umemdanganya, na bado aliinama akazitoa nyasi zote kwa mikono yake, kwa sababu wewe ndiwe uliyesema. Akanuniana na jirani yake kwa ajili yako. Akabeba maji juani kwa ajili yako. Sina cha kuongeza hapo, nami si mtu wa kukosa la kuongeza.

Chipukizi litakufikia pamoja na barua hii. Unajua, kama ninavyojua, kwamba huko halitazaa, na Mama anajua kuliko sisi sote. Hakukwambia usiseme uongo tena. Amekutumia kitu ambacho utalazimika kumwandikia habari zake. Mwandikie yeye, usipitie kwangu. Nitamsomea kila neno kama lilivyo, nikifika penye uongo sitakohoa wala sitaruka. Kama unadhani ni kazi ngumu, jaribu kusimama juani na debe kichwani.

Msalimie shemeji Demetria. Mama anamkumbuka kwa nguo alizomwazima na kwa maharage yale. Wasalimie watoto wote, Bernadeta zaidi, ambaye Mama anamtaja kila akisikia mvua. Tekla, mke wangu, anawasalimu, na amekufungia pakiti ya chumvi nyeupe ya pwani, ingawa nilimkataza. Bi Mwanaheri anakuuliza kama mawinguni kumenyesha.

Mungu awape mvua kwa kipimo chake, awaepushe na baridi ya usiku, na amlinde Albano barabarani, maana amebeba mzigo ambao hakuuomba.

Kaka yako, akupendaye na ambaye bado hajakusamehe,

Theonest