Shangazi amefagia nyasi za Ndolo

Wakoli, siamini. Shangazi amefagia! Amefagia zote!

Unakumbuka Ndolo alivyopanda upya mbegu za nyasi pale mama yake, marehemu, alipopenda kukaa. Alizifunika kwa majani makavu, akawa anazinyunyizia maji polepole, kama anayeosha mtoto mchanga. Jana zilianza kuchipuka.

Basi shangazi yake, aliyekuja kutoka Machakos, akaamka mapema. Kwao mgeni hakai bure. Akaona majani, akadhani ni takataka, akashika ufagio.

"Ndolo, uwanja sasa unang'aa! Mama yako angefurahi."

Angefurahi, Wakoli! Alisema hivyo!

Ndolo akatazama vile vichipukizi kwenye lundo la taka. "Asante, shangazi."

Maji aliyobeba ya kunyunyizia, akammiminia anawe mikono.