Mwezi Iko na Ndui

Wamaza, tarehe 15 Juni 2025

Bruno mutoto wangu, mwenye jina la baba yangu,

Jambo sana. Unalala vizuri? Muke wako Chimène, maziwa inatoka? Na kale ka Darlène, kikohozi kimeisha? Huku tuko. Mugongo tu ndio unanisumbua tangu tuvune mupunga, lakini natembea. Dada yako Régina anakusalimu.

Pitchou wa moto amesimamisha pikipiki yake mulangoni, amenifikishia kifurushi. Sabuni nimepata, chumvi nimepata, na foto nimepata. Bruno, ile ni kitu gani? Mimi nilizani ni foto ya mutoto. Nikaita jirani yetu Mathilde, kuja uone mujukuu wangu, nikafungua, tukaona uso wa mutu mwenye ndui. Mashimo juu ya mashimo, ingine imepasukia ndani ya ingine, kama ngozi ya chura. Nyuma umeandika: «Mama, huyu ndiye mwezi.» Mathilde akasema, «Mama Bruno, kama ni huyu, afazali abakie kule juu.» Siku ile sikula. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya mihogo na samaki, nikaangalia sombe, nikaona mashimo.

Wewe unajua kazi yangu hapa. Mutoto akizaliwa, mwezi mupya ukitokea juu ya kilima, mama yake ananiletea, mimi namuinua, nasema: mwezi, mutazame mwenzako, mukomae pamoja. Nilikuinua wewe. Niliinua watoto wa hapa mupaka wengine sasa iko na ndevu. Na siku zote niliona mwezi safi, kama sahani iliyosuguliwa na majivu. Leo unanionyesha kwamba watoto nilikuwa nawapeleka mbele ya vidonda. Nimegeuza foto yako, inaangalia ukuta.

Lakini lete Darlène nimuinue. Bado hajachelewa.

Mama yako,
Apolline


Kasongo, tarehe 6 Julai 2025

Mama yangu mupenzi,

Pokea salamu zetu sisi watatu. Mugongo umepoa? Chimène anakutumia dawa ya kuchua, uchue jioni, usiende mtoni mara moja baadaye. Darlène hakohoi tena. Analia tu, na majirani wanasema atakuwa muimbaji, kwa heshima.

Nilicheka barua yako mupaka Chimène akaninyang'anya. Mama, ile si ndui. Ni alama za mawe yaliyougonga mwezi zamani sana, na kwa sababu kule hakuna mvua wala upepo, hakuna cha kuzifuta. Nilishika simu kwenye tundu la ile bomba yangu ya kuangalia nyota, nikazuia pumzi ili mukono usitikisike, na foto ikatoka. Wanafunzi wangu wa fizikia waliigombania.

Na mwezi ni jirani tu. Mbali kabisa kuna nyota zenye planeti zao, kama jua letu lilivyo na dunia. Kuna moja wataalamu wamepima hewa yake, wakakuta ile gesi inayonuka mayai viza. Mvua yake wanafikiri ni vioo, na upepo unairusha kwa ubavu. Tunajua harufu ya mahali ambapo hakuna pua imewahi kufika. Nikifikiria hivyo nashindwa kulala, kwa furaha.

Juu ya Darlène, mama, hapana. Usinikasirikie. Mimi nafundisha watu kwamba mwezi ni jiwe. Nimuinulishe mutoto wangu mbele ya jiwe, kesho niingie darasani na uso gani?

Lakini siku ya Mungu, tarehe 7 Septemba, jioni, utoke inje. Mwezi utachomoza muzima, halafu utaliwa kidogo kidogo, utakuwa mwekundu kama mawese. Usiogope. Ni kivuli cha dunia yetu tu.

Mutoto wako,
Bruno


Wamaza, tarehe 3 Agosti 2025

Bruno baba yangu,

Salamu. Dawa nimechua, inawasha kama pilipili, lakini nainama. Wewe unakula? Mutu asiyelala, na chakula kinamupita.

Mayai viza. Nimesomewa na Régina mara mbili, maana nilifikiri masikio yangu imekosea. Nilikusomesha, nikabeba mihogo kichwani, ili utafute mahali penye kunuka mayai viza? Hapa nyuma ya nyumba ya Mathilde kuku ameacha mayai chini ya kuni tangu wakati wa mvua. Kuja unuse, ni karibu, haihitaji bomba. Ungeniambia kule kuna majani, kuna maji baridi, ningefurahi na wewe. Unaniletea ndui, mayai, na mvua ya kukata watu.

Na jiwe unamukatalia mutoto wako, lakini wewe mwenyewe unalikodolea macho usiku wote.

Ile ya Septemba nimewaambia wamama kanisani. Nilisimama nikasema, siku ile mwezi utageuka mwekundu, musiogope. Mathilde akauliza, «Nani amekuambia?» Nikasema tu, mimi najua. Nilijivuna kidogo, unisamehe.

Mama yako,
Apolline


Wamaza, tarehe 28 Septemba 2025

Bruno,

Jambo. Natumaini muko wazima. Mimi mwili ni muzima.

Ulisema kweli. Mwezi ulichomoza muzima, ukaanza kuliwa, ukawa kama mawese ya zamani chini ya mutungi. Watu walipiga masufuria, watoto walilia. Mimi nilikuwa mbele ya mulango, nimetulia, nawaambia itapita. Ikapita. Nikaingia kulala, roho yangu nyeupe.

Kesho yake, kwenye maji, wamama walivuta ndoo zao kando nilipofika. Mathilde ndiye alisema, maana yeye hawezi kushika kitu mudomoni. «Mama Bruno, wewe ndiye unaongea na mwezi. Ulituambia utageuka, ukageuka. Ulimuomba nini?» Nikasema ni Bruno, ni masomo. Akasema, «Kanisani hukusema Bruno. Ulisema mimi najua.»

Na ni kweli nilisema vile.

Mwezi mupya umetoka wiki hii. Nilioga, nikajifunga kikwembe cha kazi kiunoni, nikakaa inje. Kuna watoto wawili wamezaliwa hapa, mujukuu wa Mathilde mumoja wao, anaitwa Heri. Hakuna aliyekuja. Nilisikia Heri analia ndani, na mulango umefungwa. Watu ambao niliwainua kwa mikono hii wananipita wanatema mate pembeni. Walikula ugali wangu. Ndui ya foto yako ni kitu kidogo, Bruno. Kichefuchefu ni huku.

Sikuombi kitu. Nakuambia tu ili ujue mikono yangu imekaa bure.

Mama yako


Kasongo, tarehe 9 Oktoba 2025

Mama,

Salamu kutoka kwa sisi wote. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, sikukaa.

Tunakuja, mwezi mupya wa mwezi huu. Chimène atapanda moto ya Pitchou na mutoto, mimi nitafuata na ingine, bomba mugongoni. Barabara ni matope, musitungojee mapema. Utamuinua Darlène inje, mbele ya kila mutu, na neno la jiwe sitalisema. Chimène anasema nilikuwa na kichwa kigumu kuliko hilo jiwe lenyewe.

Usipike kuku. Utapika, najua.

Mutoto wako,
Bruno


Wamaza, tarehe 26 Oktoba 2025

Bruno baba yangu,

Mulifika salama? Mutoto hakulowana? Tangu muondoke nasikiliza mvua. Umuambie Pitchou asikimbize kwenye matelemko.

Mengine uliyaona mwenyewe. Lakini wewe ulikuwa unashika bomba, hukuangalia nyuso. Wakati nilimuinua Darlène na yeye akanitapikia maziwa mupaka kwenye kwapa, wale waliosimama mbali walicheka, na mutu akicheka anasogea. Ukawaita wachungulie ile kamwezi kembamba. Mathilde alikuwa wa mwisho. Aliinama, akakaa muda, akainuka anapangusa jicho kama limechafuka. «Ni kweli,» akasema, «mwezi wako iko na ndui, Mama Bruno.» Nikamuambia, wewe nawe tukikuweka kwenye bomba tutakuona. Akanuna, akaenda zake. Nikafikiri nimeharibu tena.

Kesho yake asubuhi mulisafiri. Jioni, nilikuwa nafua kikwembe cha matapishi. Mathilde akaja anazunguka nyuma ya jiko kama mutu aliyepoteza kuku. Hakusalimu. Akasema tu, «Shika, mikono yangu imechoka,» akaniwekea Heri mikononi, mikono yangu imelowana sabuni.

Foto yako ingali inaangalia ukuta. Usinilazimishe, mimi nakula mule ndani.

Lakini Heri nilimuinua. Nikasema maneno yote ya siku zote. Halafu, kwa sauti ndogo ili Mathilde asisikie, nikamuongezea: usimuogope mwezi, mutoto wangu, uso wake ndio uko vile.

Mama yako,
Apolline