Papa Aliyekufa Kila Jumapili

Kisangani, 1958

Kwako papa, baba yangu, fundi wa cherehani na jambazi wa sinema,

Leo asubuhi mama na mimi tumegombana kwa sababu ya kovu lako. Mimi nilisema lilikuwa shavu la kushoto, pale ulipojikata ukiwa kijana huko Kasongo. Mama akasema la kulia. Tukamwita Tonton Bosco atuamulie, kwa kuwa ndiye rafiki aliyekaa nawe barazani miaka yote. Akakuna kichwa, mwisho akasema hakumbuki. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Hujatimiza hata miaka miwili kaburini, na sisi tuliokupenda tumeshaanza kuupoteza uso wako.

Kosa ni lako, papa, acha nikuambie. Mama alikusihi sana mwende mjini kwa mpiga picha, wewe na yeye, mkae kwenye viti kama watu wengine. Ulicheka tu, mguu wako ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Photo ya nini? Photo haitembeake. Miye niko mu cinéma, natembea!"

Basi hatuna picha yako hata moja. Tuna ile filamu ya misheni, na ndiyo nakuandikia habari zake.

Unakumbuka ulivyoingia katika mambo hayo? Padri alikuwa amechoka kuona vijana wakishangilia makoboyi wa Ulaya na Amerika, akaamua atengeneze filamu zake na watu wa hapa hapa. Akakuletea kazi ya kushona suruali zenye nyuzi pembeni na kofia pana za gunia, ambazo mama alizipaka uji wa muhogo zikauke na kusimama. Siku ulipopeleka nguo, yule aliyepaswa kuwa jambazi aliogopa kuanguka kutoka kwenye mawe kule karibu na maporomoko ya Tshopo. Ukasema, "Lete, miye nitaanguka." Ukaanguka vizuri hata padri akakimbia akidhani umevunjika shingo. Tangu siku hiyo hukupewa nafasi nyingine ila ya jambazi. Filamu moja uliiba ng'ombe, nyingine ulichoma nyumba, nyingine ulibeba sanduku la sadaka. Tonton Bosco alikuwa koboyi mwema, na kila mara alikupiga risasi ukafa.

Hukulalamika hata siku moja. "Bosco iko na meno ya mutu muzuri," ulituambia. "Miye Mungu alinipa mwili ya kufa."

Farasi hawakuwepo. Mlikaa juu ya pipa lililofungwa kamba, watu wawili wakalitikisa, padri akawapiga picha kuanzia kifuani kwenda juu. Nilijua siri hiyo, na bado kwenye shuka jeupe la uani kwa misheni nilikuona ukipanda farasi kweli. Watu walipiga kelele, "Mwizi, angalia nyuma! Bosco iko nyuma yako!" Nawe ulikaa katikati yetu umevaa shati la Jumapili, ukijitazama ukifukuzwa. Ulipokufa uwanja mzima ulipiga makofi, ukainuka ukainama mara moja kuwashukuru. Kesho yake wateja walikuuliza barazani, "Papa, Jumapili utakufa tena?" Ukajibu, "Bon, nitakufa muzuri kupita ile ya jana."

Mimi kitu kimoja tu kilinisumbua. Tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho, ulikuwa umefunga kitambaa puani na mdomoni. Ulikikata kwenye pindo la liputa ya mama, kitenge chake kile chenye picha za ndege, bila kumwomba, akalitafuta pindo lake wiki nzima mpaka alipoliona limefungwa usoni mwako, mbele ya parokia yote. Mama hakusema nawe mpaka Jumatano. Nilikuuliza kwa nini unaficha uso wakati wenzako wanaonekana.

"Uso inakujaka ku mwisho, mutoto yangu. Watu wakiiona mapema, watarudi kwabo."

Na kweli. Ulipokwisha kufa, Tonton Bosco alipiga goti, akashusha kile kitambaa, na uso wako ukajaa shuka zima. Macho yamefumbwa, mdomo umeachama kidogo, kovu mahali pake. Halafu filamu ilikwisha.

Kisha kikaja kile kikohozi, na mvua, na hospitali. Sitaki kurudia hayo. Ulipokufa kweli hakuna aliyepiga makofi.

Filamu zako nyingine zilipelekwa misheni za mbali na hazikurudi. Ilibaki hiyo moja. Matanga yalipokwisha, padri alipotangaza kwamba itaonyeshwa, nilimwomba mama twende. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo ya mboga. Hakuinua hata kichwa.

"Miye nilimuzika mara moja. Sitamuzika tena."

Nilienda peke yangu. Ulipotokea juu ya pipa lako hakuna aliyepiga kelele za mwizi. Ulipoanguka, mwanamke mmoja alilia, na uwanja wote ukamfuata. Tonton Bosco alifunika macho asijione akikupiga. Mimi sikulia. Nilikuwa nangoja mkono wake ushuke kwenye kitambaa, na uliposhuka nilikutazama kwa njaa, papa. Niliendelea kwenda kila ilipoonyeshwa. Nilijua kwamba ili nikuone, sharti kwanza nikuone ukiuawa, na nilikubali. Mara nyingine nilijikuta nakuharakisha: anguka basi, papa, anguka. Mtoto gani humwambia baba yake maneno hayo?

Lakini filamu nayo huzeeka. Ilikatika hapa, padri akaiunga, ikakatika pale, akaiunga tena. Mwezi uliopita kipande cha mwisho kiliungua ndani ya mashine. Kulikuwa na harufu mbaya na doa la kahawia kwenye shuka, likala kila kitu. Padri alikata sehemu iliyoharibika akaitupa. Nilipomwuliza kama kuna nyingine, alitikisa kichwa. Sasa unatoka juu ya mawe, unapanda farasi, unageuka kutazama nyuma, macho mawili juu ya kitambaa. Halafu shuka linabaki jeupe.

Habari zilifika kwa mama sokoni. "Bwana yako hakufake tena mu cinéma," walimwambia. Jumapili hiyo alioga mapema, akavaa ile liputa ya ndege yenye pindo lililokatwa, akakaa mstari wa mbele. Ulipogeuka akanishika mkono kwa nguvu. "Unaona? Ile iko kitambaa yangu!" Shuka lilipokuwa jeupe, akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. "Alikimbia. Bosco hakumupata. Alors, alikimbia!"

Njia nzima alisimulia ulivyokimbia. Ningemwambia nini? Amepata mume aliye hai. Mimi nimepoteza uso wa papa, nao sikuwa na mwingine. Hata lile kovu sasa hakuna wa kutuamulia.

Mama ananiuliza kila siku itaonyeshwa lini tena. Nitampeleka, nitakaa naye, nitacheka anapocheka. Hilo nakuahidi. Lakini hasira ninayo, papa, na huzuni ninayo, na nikikohoa naisikia sauti yako kifuani mwangu.

Jana ulinijia usingizini. Ulisimama mlangoni na futi yako ya kupimia shingoni, ukaniita jina langu. Nilifurahi mpaka ulipokaribia, nikaona umefunga kitambaa. Nilinyoosha mkono nikishushe, nikaamka.

Lala salama kule uliko. Ukinijia tena, usingoje Bosco. Kishushe mwenyewe.

Mtoto wako wa kwanza, aliyekuwa akikutungia uzi kwenye sindano