Bomba Limenyamaza

Bismillahi. Mwanangu Aflah,

Chai imo kwenye chupa, mkate wa kumimina uko chini ya kawa. Kula, maana asubuhi umetoka na tumbo tupu kwa sababu yangu. Weka bakuli chini ya tangi, nati moja bado inadondosha maji.

Nimekupigia kelele, "Nani kakutuma kulitengeneza bomba?" Nawe ukanijibu kwa adabu, "Si wewe, Mama? Mwaka mzima walalamika bomba linagonga na maji hayana nguvu." Kweli. Jana umetoa hewa yote bombani, maji yanashuka vizuri. Lakini tangu tumzike baba yako, kila alfajiri ukifungua mfereji kutawadha, bomba likagonga, mimi niko baina ya kulala na kuamka, hudhani ni yeye anatawadha. Kwa punde ile moja hunirudia. Leo maji yametoka kimya. Sikuamka, sala imenipita, na yeye hakuja.

Hukukosa kitu, mwanangu. Nimelipa sala nikilia. Namwomba Mungu anisamehe, nawe unisamehe.

Nimekwenda Matrah kwa shangazi yako Mahbuba, halafu nna darasa langu la jioni. Narudi kabla lango la mji halijafungwa.

~~Ingiza hewa tena, bomba liwe kama zamani.~~

La, mstari huo nimeukata. Liache. Kesho ukishatawadha, njoo mlangoni kwangu useme, "Mama, ni mimi Aflah." Nataka niamke nikijua ni wewe.

Mama yako