Sahani ya Mzazi

Jumatatu, 2 Juni

Uji wa karanga, bakuli kubwa. Baada ya uji, ndizi na supu ya mbuzi. Na bado jua halijafika kwenye dirisha la jikoni. Mama mkwe anasimama mlangoni mpaka aone chini ya bakuli. Nimekula yote. Sitasema uongo, ilikuwa tamu.

Kahindo, kichanga wangu, anakua vizuri. Shingo yake ina mikunjo sasa, maziwa yanaingia humo na kunuka. Namfuta kwa kitambaa cha maji ya moto, ananitazama kama mtu ninayemchelewesha kazini. Nampenda mpaka nachoka.

Daktari hakufurahi leo. Tansio yangu, presha ya damu, haijashuka tangu nijifungue. Siku ile masikio yalivuma, nikaona giza, nikajua ndiyo basi. Amesema uzito huu usipopungua nitakunywa dawa maisha yangu yote, na mimba nyingine inaweza kunichukua. Alisema polepole, na ndiyo maana nimeogopa. Kwenye kituo cha afya hapa Kimemi, mtaani kwetu Butembo, kuna kundi la akina mama waliojifungua. Amesema nianze Jumatano.

Sijui nitamwambiaje mama mkwe. Ametoka Beni, ameacha shamba lake Mulekera, kwa kazi moja tu: kunilisha. Kwetu mzazi, mama aliyetoka kujifungua, akitoka nje amekonda, watu hawamsemi yeye. Wanausema ukoo wa mume.

Jumatano, 4 Juni

Kundi. Tunakutana kwenye baraza la kituo, kila mtu na mtoto wake mgongoni. Muuguzi anaitwa Solange, mdogo wa mwili, sauti ya kuongoza kwaya. Kwanza alitupima tansio. Halafu tukapanda mlima mpaka kwenye mikaratusi na kurudi. Nilidhani moyo utanitoka kwa mdomo. Mimi mwalimu, ninayewafokea watoto wa shule wakitembea kwa kujivuta.

Halafu chakula. Hakuna kushinda njaa, anasema Solange, anayenyonyesha lazima ale. Ila ugali uwe kama ngumi, sombe, majani ya muhogo, iwe nyingi na mawese kidogo, maharage, samaki, chumvi kwa vidole tu. Mama Bibiche, mke wa askari aliyetoka Mbandaka, akajishika kiuno na kuuliza kwa Kilingala chake: "Tobwaka kitoko oyo nyonso?" Uzuri wote huu tuutupe? Tulicheka mpaka watoto wakaamka.

Nitarudi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeacha nusu ya ugali. Mama mkwe akauliza kama tumbo linauma. Akauliza kama nimegombana na Kasereka, mume wangu, mwanawe. Kasereka akainamia sahani yake. Kuuza saruji anaweza, kusimama kati ya mama yake na mke wake hawezi.

Nilianza kumweleza habari za kundi. Alinikata katikati. "Mutoto anakunywa wewe. Ukiisha, atakunywa nini?" Basi ikanitoka tu: nimefunga. Hakuna nyama, hakuna mafuta, mpaka Mungu anijibu jambo langu.

Akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akaitoa nyama kwenye sahani yangu kwa mkono wake mwenyewe, na hakuuliza tena. Nikajiona mwerevu.

Jumatano, 11 Juni

Tansio imeshuka kidogo. Solange alitabasamu tu na kuita mwingine.

Mlima bado ni mlima, lakini leo nilifika juu huku nikiongea. Mama Bibiche anatufundisha kucheza bila kuruka, kwa sababu tukiruka mkojo unatoka. Hilo hakuna aliyenionya, wala mama yangu mzazi, wala dada zangu. Wote wanalijua na wote wamekaa kimya.

Nyumbani ninapikiwa maharage bila mafuta. Mama mkwe anaipeleka sufuria ya supu nyuma ya nyumba ili nisiisikie harufu. Huruma yake inaniuma kuliko njaa.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa mama mkwe alibaki nyuma, anazungumza na mama Léonie, kiongozi wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya kusali ya mtaa. Alikuwa amemshika mikono yote miwili. Nilipomuuliza akasema ni salamu tu. Huyu si mtu wa salamu ndefu.

Jumatano, 18 Juni

Aibu. Sijui niandikeje.

Nilitoka kundini nikakuta viti vimepangwa uani. Wanawake wa shirika wamejaa na rozari zao, mama Léonie mbele. Kumbe mama mkwe alikwenda kuniombea ruhusa ya kula. Alimwambia kiongozi kwamba mkwe wake amefunga huku ananyonyesha, kwamba anakonda, na kama ni nadhiri isiyoweza kuvunjwa basi yeye mzee ataifunga badala yangu. Ameshaanza. Tangu Jumapili hajagusa nyama, na mimi nilikaa naye meza moja sikuona.

Mama Léonie akanishika bega, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Mama Mumbere, Kanisa haiombake mama wa kunyonyesha afunge. Utuambie nia yako, tutaibeba wote." Vichwa vyote vikainama.

Nikasema kweli. Hakuna nia. Ni kundi la kupunguza mwili. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Léonie, mtu mwema, akaanzisha wimbo ili watu wapate la kufanya.

Mama mkwe hakuimba. Walipoondoka alirudisha viti kwa jirani, kimoja kimoja, akakataa nimsaidie.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mkwe amerudi Beni na gari la kwanza. Kabla ya kutoka alimwogesha Kahindo, akamfunga vizuri, akampa Kasereka. Mumbere alimng'ang'ania kitenge, ikabidi tumbandue. Kwangu alisema maneno machache. "Chakula yangu ungeikatala tu. Hapana kuweka Mungu mbele."

Ana haki. Ningedanganywa mimi hivyo, ningeondoka pia.

Jumamosi, 21 Juni

Leo sikutembea. Nimesonga ugali mkubwa, sombe inaogelea kwenye mawese, nimekula peke yangu nikiwa nimesimama. Kichwa kinauma. Haikuwa tamu kama ya mama mkwe.

Jumatatu, 23 Juni

Kasereka amenieleza habari za Masika, dada yake mkubwa. Nilijua alikufa. Sikujua vipi, kwa sababu katika familia hii jina lake halitajwi.

Ni kipindi walipokimbia vita. Masika alijifungulia darasani, kwenye shule walikolala wakimbizi. Mama yake hakuwa na kitu cha kumpa. Alipita kwa watu waliokuwa wanalala pale akiomba unga wa uji, na wao pia hawakuwa nao. Masika akakonda. Maziwa yakakauka, homa ikaingia. Aliondoka mtoto, akafuata mama.

"Mama aliona mifupa ya hapa inatoka," Kasereka akasema, akagusa chini ya shingo yake.

Nimelia sana. Nilifikiri ananinenepesha kwa ajili ya macho ya watu. Nimekuwa mjinga, na nimeolewa hapa miaka yote hii.

Jumatano, 25 Juni

Beni. Magari yalitoka pamoja asubuhi kwa hofu ya waasi, mstari mrefu, kila mtu anaangalia porini na kujifanya haangalii. Kahindo alinyonya njia nzima. Pikipiki mpaka Mulekera, mimi nyuma na mtoto kifuani, dereva akaenda taratibu bila kuambiwa.

Nilimkuta mama mkwe anapalilia maharage. Alimwona mtoto kwanza. Akafuta mikono kwenye kitenge, akamchukua, akamnusa kichwa, shingo, nyayo. Alipomaliza ndipo akanisalimu.

Tulikaa jikoni. Nilimwambia yale niliyopaswa kumwambia siku ya kwanza. Masikio yaliyovuma. Giza. Maneno ya daktari. Kwamba kwangu mimi unene unaweza kufanya kile ambacho njaa ilimfanyia Masika. Nililitaja jina.

Aliacha kuchambua maharage.

"Juu ya nini haukuniambia? Mi nilifikiri unatafuta tu kuwa kitoko, muzuri."

Nikasema niliogopa. Akamwachia Kahindo shanga za rozari yake azivute. Kisha akasema bila kunitazama: "Masika nilimuonaka vile anaisha. Kila siku kidogo. Mi siwezi angalia ile kitu tena."

Nilichukua mkono wake nikauweka chini ya shingo yangu. Vidole vyake ni vigumu kwa jembe. Alipapasa, akaukuta mfupa, nyama bado iko juu yake, nyingi tu. Aliuacha mkono pale. Tulilia wote wawili, na mtoto naye akaona ni vema alie.

Ijumaa, 27 Juni

Tunarudi Butembo kesho, yeye pia. Ametoa sharti: atamwuliza muuguzi mwenyewe, hataki kuelezewa na mimi. Kuhusu uaminifu wangu sina la kujitetea.

Leo alichinja kuku. Alichemsha bila mafuta, na nyanya na majani ya vitunguu. Akanikatia paja, akaweka ugali mdogo kando, akakaa kuniangalia ninavyokula. Niliomba supu kidogo tena. Uso wake wote ukafunguka.

Jumatano, 2 Julai

Mama mkwe amekuja kundini. Amekaa mbele kabisa, Kahindo mgongoni kwake, na Solange amebanwa kama mwanafunzi ubaoni. Maziwa yatapungua? Karanga je? Na samaki wa chumvi, wamekosa nini? Akina mama walicheka, yeye hakucheka.

Halafu akauliza mzazi anakonda mpaka wapi. Nani atamwambia sasa inatosha.

Solange akamgeukia. Alisema kuna uzito anaoutafuta kwa kila mmoja wetu, na tukifika hapo atatusimamisha, lakini yeye anatuona mara moja kwa wiki. "Wewe uko naye kila siku, Mama. Ukiona haiendeke muzuri, umulete hapa, hata kama anakatala." Mama mkwe akaitika kwa kichwa. Nafikiri ni kazi aliyokuwa akiitaka.

Tansio imeshuka tena. Mama mkwe alitaka kuiona mashine yenyewe.

Tulipopanda mlima alitutangulia. Mama Bibiche aliapa hatakubali kushindwa na bibi, akashindwa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa jirani mmoja alimwambia mama mkwe, mimi nikisikia, kwamba mkwe wake anakonda, kuna nini nyumbani. Nilishusha macho. Mama mkwe akamjibu kwamba ninapona. Alisema hivyo tu, akamwuliza habari za mbuzi wake.

Jumamosi, 12 Julai

Kesho tunampeleka Kahindo kubatizwa. Mama mkwe alitoa kwenye mfuko wake blauzi ya kitenge aliyonishonea Beni. Alikadiria mwili kwa macho, mwili wa mzazi aliyelishwa na yeye. Nimeivaa, inaning'inia mabegani.

Nilitegemea atahuzunika. Alizunguka nyuma yangu, akabana pembeni, pini mdomoni. Akaifumua mishono ya ubavuni akaanza upya kwa mkono. Kitambaa kilichozidi alikikunja ndani, akakishika kwa nyuzi ndefu zinazofumuka kwa urahisi. Nikamwambia akate tu, itakaa vizuri zaidi.

"Hapana," akasema. "Kama mwili inarudia, nguo iko."

Kisha akaniambia nisimame wima, hajamaliza upande wa kushoto.