Bafta Iliyokwisha Kurudi

Ifakara,
14 Juni 1953

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku bondeni. Mwili wangu hauna ugonjwa, nakula, nashona. Mengine unayajua bila mimi kuyaandika. Goti lako linasemaje na baridi ya Mahenge?

Barua yako aliniletea dereva wa lori la mbao. Umeuliza jambo moja tu, nami nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kushika kalamu: je, Fulgensi alisitiriwa vizuri? Mafuriko yalifunga kivuko, hukumzika mwanao. Una haki ya kuambiwa kweli. Hakusitiriwa vizuri, Mama.

Alikuwa na bafta nyeupe sandukuni, ya kutia mgongo wa mfarishi wako wa viraka. Aliiloweka ili irudi kwanza, isije ikapungua baada ya kushonwa, akaianika, akavuta uzi mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo hata ikabaki njia nyembamba, akachana kwa kuifuata njia ile. Uzi aliouvuta akauweka nyuma ya sikio, kama kawaida yake. Halafu akashona uzi mwekundu pembeni, ile alama yake unayoijua: hii imekwisha kurudi, haitarudi tena.

Homa ilipomchukua, niliitoa bafta yote nikampa shemeji Kelestini, maana ndiye mdogo wake, na sanda ya mwanamume hushughulikiwa na wanaume wa nyumba. Ilimtosha mtu mrefu kuliko Fulgensi, na ikabaki. Mzee Theodori, aliyekuja kumwosha marehemu, alimwambia mbele yangu, "Sanda inachanwa, kijana. Mkasi hauingii kwenye sanda." Kelestini akaenda nayo nyuma ya nyumba, na mkasi wa Fulgensi mkononi.

Tulipoitwa kuaga, sanda ilikuwa imekwenda kombo, bega moja wazi, na miguu yote miwili nje. Mguu wa kulia na ule ugumu wa unyayo, wa kukanyaga cherehani. Nilivua khanga yangu nikaifunika miguu. Nikamwuliza Kelestini bafta imeishia wapi. Akasema, "Shemeji, ndiyo hiyo. Ilikuwa fupi."

Nikadhani ni msiba uliompotosha mkono.

Mkweo,
Aurelia


Mahenge,
5 Julai 1953

Mwanangu Aurelia,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, jua likipanda linanisamehe. Ukungu umekaa mlimani wiki nzima, kuni hazikauki.

Asante kwa kuniambia. Wengine wote wameniandikia kwamba alilala kama malaika. Malaika hatoki miguu nje.

Fupi? Fulgensi hakupata kununua kitambaa kifupi. Nilimfundisha mimi, kama masista walivyonifundisha: kunja ukingo kwa ukingo, kikikataa kulala kivute kona kwa kona mpaka kikubali, ndipo uvute uzi. Kiraka kimoja kikikaa kombo, safu nzima ya mfarishi inahama. Kelestini naye nilimfundisha siku ileile, juu ya mkeka uleule. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kukata.

Lakini mwenye msiba mkono wake hauoni. Tusimhukumu mtu kwa mkasi. Mimi ni mama yao wote wawili, Aurelia. Nisaidie nibaki hivyo.

Mfarishi niletee hata bila mgongo.

Mama yako,
Yosefina


Ifakara,
6 Januari 1954

Mpendwa Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimefurahi kusikia mfarishi umefika na kwamba unajifunika. Kile kiraka cha maua ya njano ni cha gauni langu la uchumba. Fulgensi alikiiba nikiwa kisimani, akakiweka katikati.

Nilitaka nisikuandikie haya. Lakini ulinifundisha kwamba kitambaa kikiwa na kasoro, mwenye nguo aonyeshwe kabla ya kushonewa.

Siku ya Krismasi Kelestini alikuja kanisani na shati jipya, jeupe. Tangu apate ukarani kwenye kinu cha mpunga anapenda kutazamwa. Baada ya misa nikamsifia. "Shemeji, shati zuri. Nani amekushonea?"

"Fundi wa Mchombe," akasema. "Na bafta yenyewe ya Dar es Salaam hiyo. Usiifananishe na za dukani hapa."

Akainama kumbeba mtoto wa jirani, mkia wa shati ukachomoka kiunoni. Pembeni, ndani ya pindo, kulikuwa na uzi mwekundu. Nikajifanya napangusa vumbi, nikaushika. Fundo lilikuwa la Fulgensi, lile lenye kitanzi kidogo ambalo nilimcheka siku zote, nikimwambia anafunga uzi kama anafunga mbuzi.

Fundi wa Mchombe hakujua maana yake, akauacha. Na Kelestini, nani hutazama mkia wa shati lake mwenyewe?

Kwa hiyo bafta haikuwa fupi. Kaka yake alitoka miguu nje ili yeye avae shati.

Sijui kuchukia, Mama. Nyumbani kwetu hatukufundishwa. Lakini tangu siku hiyo najifunza, na nimekuwa mwanafunzi mzuri.

Mkweo,
Aurelia


Ifakara,
9 Oktoba 1954

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Masika yamepita, mpunga umevunwa, na bado hukunijibu. Wanaoshuka kutoka Mahenge wananiambia u mzima, nami nashukuru. Sikulaumu. Nilikuletea jiwe nikakwambia ulibebe.

Sasa sikiliza. Kelestini anaoa. Msichana ni Konsolata, wa Namawala, ana adabu na anacheka kwa sauti. Sina neno naye. Ndoa ni Novemba, kabla ya Majilio. Juzi Kelestini alikuja barazani na kitambaa cha drili nyeupe begani, kipya, kigumu kama ubao kwa ule wanga wa kiwandani.

"Shemeji," akasema, "mafundi wote wa hapa wanakata kwa macho. Wewe unakata kwa uzi, kama kaka. Nataka suti. Suruali ianguke mpaka juu ya kiatu. Watu wa Namawala wajue nimetoka nyumba gani."

"Itaanguka juu ya kiatu, shemeji," nikamjibu.

Amesema "kama kaka" akiwa amevaa lile shati.

Drili hii haijaguswa na maji, Mama. Nikiikata ilivyo, nikaihamisha kidogo tu kutoka kwenye njia ya uzi, siku ya kwanza itapendeza mno. Itakapolowa na kukauka itarudi, na mguu wa suruali utajisokota kama kamba. Hapo miguu yake itatoka nje kama ilivyotoka ya kaka yake. Sitaiba hata kipande. Mabaki yote nitamkabidhi.

Nikataze ukitaka. Wewe ndiye uliyemzaa.

Mkweo,
Aurelia


Mahenge,
24 Oktoba 1954

Mwanangu Aurelia,

Marahaba. Barua yako ya Januari iko chini ya mto wangu. Kila nilipotaka kuijibu nilimwona Kelestini mdogo, amelala mgongoni kwangu nikipalilia. Halafu najifunika mfarishi, naona viraka vya Fulgensi, vyote vimekaa sawa. Ndiyo sababu ya kimya changu, hakuna nyingine.

Sikukatazi. Wala sikutumi.

Nakupa neno la ufundi tu. Vuta uzi kwanza. Uione njia iliyonyooka kwa macho yako, ndipo uiache. Asiyeijua njia anapotea tu, na kupotea ni ubovu wa kazi. Kama ni kisasi, kiwe kisasi.

Sitashuka harusini. Nitasema ni goti.

Mama yako,
Yosefina


Ifakara,
23 Novemba 1954

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Wote wameuliza habari za goti lako, nikawajibu kama ulivyosema.

Nilivuta uzi. Ulitoka mzima bila kukatika, na ile njia ikaonekana wazi juu ya meza. Nikaitazama sana. Kisha nikaweka mkasi pembeni yake.

Alipokuja kupima akaniuliza, "Shemeji, umeiloweka lakini?" Nikamgeuzia pindo la suruali. Nilikuwa nimeshona uzi mwekundu, na fundo la kitanzi. Akaushika kwa vidole viwili akacheka. "Kaka mtupu. Basi imekwisha kurudi."

"Imekwisha," nikasema.

Jumamosi alipendeza, sitakuficha. Hata Padre alimsifia. Suruali ilianguka juu ya kiatu kama maji. Tulipotoka kanisani kwenda nyumbani kwake, mvua ikatushika katikati ya mashamba, ile ya vuli inayoshuka kwa hasira na kuondoka. Njia ikajaa maji mpaka magotini. Bwana harusi alilowa chapachapa. Kisha jua likawaka, wakamketisha uani na bibi harusi wake, karibu na meko ya pilau ili akauke.

Akakauka.

Balbina, jirani yangu unayemjua kwa mdomo wake, ndiye aliyeanza. "Bwana harusi, maji yamepungua, teremsha suruali."

Kelestini akacheka, akainama kuiteremsha. Haikuwa imekunjwa.

"Mwacheni," akasema mwingine, "anakwenda kupanda mpunga."

"Suti ya mdogo wake hiyo."

"Hana mdogo. Alikuwa na kaka."

Hilo la mwisho sijui nani alilisema. Mshono wa pembeni ulikuwa umezunguka mpaka mbele, suruali imepanda juu ya vifundo, mikono ya koti iko karibu na viwiko. Akasimama, akaja mpaka nilipokuwa nikipakua wali, na watu wote wakimtazama.

"Shemeji," akasema polepole, "imerudi."

"Shemeji, ndiyo hiyo," nikamwambia. "Ilikuwa fupi."

Alinitazama. Nikaona maneno yake mwenyewe yanamwingia moja moja, kama sindano inavyopita kwenye nguo nzito. Alirudi akaketi, akaificha miguu chini ya kiti mpaka wageni walipoondoka.

Nilikula sahani nzima ya wali, Mama. Tangu mazishi sijala hivyo. Sijutii suruali. Kinachonichoma ni ule uzi mwekundu, kwa maana nimesema uongo kwa mkono wa Fulgensi.

Na shati bado analo.

Mkweo,
Aurelia


Mahenge,
30 Desemba 1954

Mwanangu Aurelia,

Marahaba, na heri ya Noeli. Goti ni lilelile. Mwandiko wangu umekuwa mkubwa kwa sababu ya macho. Usidhani napiga kelele.

Kelestini alimleta Konsolata kunisalimu Krismasi. Alivaa lile koti la harusi, lililomfika kwenye viwiko, na ndani yake shati. Nilimpa mkwe kigoda, nikamwambia Kelestini, "Geuka."

"Kuna nini, Mama?"

"Geuka."

Nikauchomoa mkia wa shati kiunoni. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, lakini uzi ule niliuona.

"Vua," nikamwambia.

"Mbele ya mke wangu?"

"Kaka yako alitolewa miguu mbele ya parokia nzima."

Akaanza kusema kwamba kitambaa kilikuwa kingi, kwamba kingeoza bure, kwamba marehemu haoni. Nikamwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Akavua. Konsolata ndiye aliyelipokea, akalikunja ukingo kwa ukingo, vizuri, hakuuliza. Naye nimemwonea huruma. Asubuhi waliteremka mlima, Kelestini na koti juu ya kifua kitupu, baridi ile unayoijua. Nilisimama mlangoni nimejifunika mfarishi. Sikumwita.

Kuhusu uzi mwekundu, usishone tena ile alama juu ya uongo. Katika yote uliyofanya, hilo tu ndilo nililoona baya. Suruali ilikuwa haki yake.

Shati nimelifumua lote. Nimevinyoosha vipande, nikavuta uzi kila kimoja, nikaviunga. Nilitaka tumpelekee Fulgensi kaburini, lakini Padre amesema kaburi halifunguliwi kwa ajili ya kitambaa. Sawa. Nimetafuta njia nyingine.

Nimenunua bafta mpya, ya sanda yangu. Nimeichana mwenyewe, na upande wa miguu nikaipunguza kwa makusudi. Mahali pale nimeunga kile kilichokuwa shati. Iko kwenye kapu juu ya kitanda, hutaikosa.

Huku kwetu mtoto wa kiume ndiye anayemletea mama yake sanda. Kelestini asiilete. Asishike hata ncha yake. Siku yangu ikifika, kivuko kiwe wazi au kimefungwa, uje unifunge wewe. Anza miguuni. Nitamkuta mwanangu anasubiri kifuniko chake, nami nimpe mkononi.

Hakuna cha kupima tena wala kukata. Bafta zote mbili nimeziloweka, ya zamani na mpya, na uzi mwekundu nimeushona mimi. Imekwisha kurudi.

Mama yako,
Yosefina