Kipa Asiyethubutu Kunifokea

Jumamosi, 8 Juni
Leo nimekuwa chifu. Nimevikwa jina la marehemu baba mdogo, Fuaiava. Mikeka imegawiwa, nguruwe wameliwa, shangazi Ailini kalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaza mazoezi. Aibu, lakini ndivyo. Jumamosi ijayo, baada ya mechi ya majaribio, kocha anasoma majina ya timu ya taifa ya kwenda Fiji. Mara mbili nimeachwa. Nina miaka thelathini na mbili — nikiachwa tena, nitabaki kuangalia raga kama kila mtu hapa.

Jumatatu, 10 Juni
Mazoezi, mjini Apia. Ajabu! Uelese, mpwa wangu, kipa wetu, ambaye siku zote hunitukana nikizubaa — leo kimya. Krosi ikaja, mshambuliaji yuko mgongoni mwangu, simwoni. Nyuma nasikia sauti ya upole: samahani, Mheshimiwa, kama hutojali... Bao.

Njiani nikamwambia, "Nifokee kama zamani."
"Nitamfokeaje chifu? Mama atanichinja."
"Mama yako ni dada yangu."
"Ndiyo maana anajua pa kukata."

Jumatano, 12 Juni
Kimya tena. Mabao matatu. Kocha kasema beki asiyesikia na kipa asiyesema wote watabaki nyumbani. Sili. Magimbi ya jana bado yako kwenye sahani.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwamuru Uelese, kwa sauti ya kichifu — faida pekee ya jina hili mpaka sasa. Kesho uwanjani hakuna Fuaiava, yuko Lemeki wa zamani, beki namba tano. Akauliza:
"Kwa hiyo nikikutukana nimekutii?"
"Ndiyo."
"Na baraza la machifu je?"
Nikacheka. Hapa nani huja kuangalia mpira wa miguu?

Jumamosi, 15 Juni
Walikuja. Kwa ajili yangu! Basi zima kutoka kijijini, shangazi Ailini na mwavuli wake, machifu watano, mkuu wa baraza mbele kabisa. Tunaongoza moja bila, dakika za mwisho, krosi ikaja. Uelese akanguruma: "Mgongoni, we gogo! Geuka, Lemeki! Macho umeyaacha nyumbani?"

Nikageuka. Nikauondoa mpira kwenye mstari. Tumeshinda, na sijawahi kufurahia tusi kiasi kile. Kisha nikatazama jukwaani. Watu wetu hakuna aliyepiga makofi. Mwavuli umefungwa.

Majina yamesomwa. La Uelese limo, langu limo. Tunaondoka Alhamisi.

Jumapili, 16 Juni
Kanisani Uelese hakuruhusiwa kukaa na kwaya. Baada ya chakula mkuu wa baraza alipita kwangu. Mpole kabisa. Kesho baraza litakaa: faini ya nguruwe mmoja mkubwa, na kijana asiguse mpira mpaka Krismasi. Nikasema Alhamisi anasafiri. Akasema Fiji haihami.

Nilitaka kusema ni mimi niliyemtuma. Badala yake nikamsindikiza mpaka njiani. Chifu anayeomba kutukanwa amelitukana jina lenyewe — wanaweza kunivua, na safari yangu ikafa pamoja na yake. Nikinyamaza, nasafiri. Naye Uelese hajanitaja. Hata kwa mama yake.

Sijatulia. Nakaa, nasimama, nakaa.

Jumatatu, 17 Juni
Baragumu limelia asubuhi. Uelese kakaa chini nje ya nyumba ya baraza, juani, kichwa kainamisha. Nikapita karibu naye nikijifanya natazama bahari. Hakuinua macho. Akasema polepole, "Kushoto kwako, Mheshimiwa. Jiwe."

Kweli, jiwe. Ningeanguka mbele ya wote.

Nikawaambia machifu nimesahau upepeo wangu wa kichifu, nikarudi nyumbani. Uongo. Upepeo ninao mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Kule kila chifu ameshakaa akiegemea nguzo ya jina lake, yangu tu ndiyo haina mtu. Na njia ni ile ile moja — lazima nipite mbele ya Uelese tena.

Wananiita. Fuaiava, wanasema. Mara ya pili sasa.